Mwenyekiti, Weka Kidole Hapo

Chifu Mangungo wa Msowero ameniharibia biashara. Najua marehemu hasemwi vibaya, na najua yeye mwenyewe ndiye aliyeibiwa, lakini mimi ni mwanamke wa Chang'ombe hapa Dodoma, nakodisha viti, meza na maturubai, na kila nikimwomba mteja asaini makubaliano, mteja ananitolea Mangungo.

Kwa aliyekuwa anasinzia kipindi cha historia: Novemba 1884, Mjerumani Carl Peters alipita Usagara na makaratasi yake, akamkuta Mangungo huko Msowero, ambako leo ni wilaya ya Kilosa. Ukitoka hapa kwenda Morogoro, unakatia Dumila. Chifu akaambiwa ni urafiki, akaweka alama yake. Karatasi ilikuwa inasema ametoa nchi yake yote. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuyalinda maeneo hayo, na yaliyofuata tuliyajibia mtihani. Tangu hapo Mtanzania akiona maandishi marefu na kamstari ka sahihi chini yake, damu inamsisimka. Ukiwa na mkataba wa madini au wa bandari, kutajiwa Mangungo ni haki yako. Mimi nakodisha kiti cha plastiki kwa shilingi 500.

Mwenyekiti mmoja wa kamati ya sendofu, mtu mzima, msomi, nilimtumia makubaliano kwenye simu. Akanipigia badala ya kusaini.

"Mama Viti, habari za saa hizi? Nimekiona hicho kitu chako. Sasa unataka nisaini nikiwa ndani ya daladala, hakuna shahidi, hakuna nini? Mangungo naye aliambiwa aweke tu hapo chini."

Nikamwambia, baba, Mangungo alitoa nchi. Wewe unachukua viti mia mbili na hamsini na unarudisha Jumapili.

"Ndivyo wanavyoanzaga hivyo," akasema.

Mwingine alinijibu kwamba makubaliano yangu yana masharti hasi. Maneno hayo kayatoa kwenye sheria ya mwaka 2017, ile iliyolipa Bunge nguvu ya kupitia upya mikataba ya maliasili za nchi. Nikamwuliza sharti hasi ni lipi. Akasema ni lile la kurudisha viti vikiwa safi. Sikujua kwamba ubwabwa uliogandia kwenye kiti nao ni maliasili ya taifa.

Mtaniuliza kwa nini nisiendelee na utaratibu wa zamani. Zamani mteja alikuwa jirani. Anakuja uani, anahesabu viti, anavikalia viwili vitatu kuona kama vina miguu, tunakubaliana mbele ya watu, yameisha. Akinizungusha, namjua mama yake. Lakini tangu serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwelikweli, wateja wangu wengi ni sauti za kwenye simu. Yuko Kisasa, yuko Ilazo, yuko Nzuguni, mchana kutwa yuko Mtumba kazini, ametoka Dar na simjui hata kabila. Tunakubaliana kwa mdomo viti mia mbili, siku ya shughuli anasema tulisema mia tatu, na mbele ya wakwe mimi ndiye mwongo. Nikaanza kuandika. Karatasi nayo ikawa na yake, maana kumpeleka kijana wa bodaboda hadi Mtumba na kurudi ili kufuata sahihi ya mtu aliyekodi viti hamsini ni kumlipa mteja akae kwenye viti vyangu.

Basi mtoto wa dada yangu, anayesoma mambo ya kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma, akanitengenezea mfumo. Unajaza jina la mteja, tarehe, idadi ya viti, advansi na salio. Mteja anatumiwa linki, anafungua, anasoma, anachora sahihi yake kwa kidole, nakala moja inarudi kwake na nyingine kwangu. Wala haitaki mwanasheria. Akanisomea na sheria yenyewe, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, iliyopitishwa na Bunge hapa hapa Dodoma. Sahihi ya kielektroniki, akasema, inatambulika mradi iwe salama, na usalama wake una masharti: iwe ya kipekee kwa kazi hiyo, imtambulishe aliyesaini, aiweke mwenyewe, iwe chini ya udhibiti wake, na ifungamane na maandishi kiasi kwamba mtu akigusa hata nukta moja baadaye, ionekane.

Nikamsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikajua kwamba wabunge waliitunga sheria hiyo bila kupita Chang'ombe.

Chini ya udhibiti wake! Huku kwetu simu iko chini ya udhibiti wa mtoto mpaka bando liishe. Sahihi ya mama mmoja mzaa bibi harusi ilinifikia ikiwa ni duara lenye masikio mawili na masharubu. Nilipopiga kuuliza, nikaambiwa ni paka, mjukuu ndiye alikuwa na simu. Nikamrudishia asaini mwenyewe. Kioo kimepasuka, kidole kina unga, ikatoka kama nyayo za kuku aliyekanyaga majivu. Na kwa mujibu wa sheria hiyo ndiyo halali, paka siyo, ingawa paka alichorwa kwa ustadi zaidi.

Hapo nazungumzia waliofungua linki. Wengi hawafungui, na hapo ndipo ninapoionea uchungu elimu ya taifa hili, kwa sababu kumbe inafanya kazi. Miaka nenda rudi tumetumiwa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", tukatapeliwa, tukalia, mamlaka ya mawasiliano ikatufundisha: usibonyeze usichokijua, ukiona utapeli ripoti kwenda namba 15040. Watu wamefundishika. Dada mmoja ninayekutana naye kanisani kila Jumapili, tunapeana amani kwa mkono, nilimtumia linki ya makubaliano ya kipaimara cha mwanawe. Akajibu: "Mungu anakuona. Namba yako nimeshaipeleka 15040." Jumapili iliyofuata akanipa amani kama kawaida na kuniuliza mbona sijamtumia makubaliano.

Wapo wa kiswaswadu, hao nawaandikia ujumbe wa kawaida na sina ugomvi nao. Ndio wateja wangu wazuri kuliko wote. Wanajibu "sawa mama" na wanalipa.

Halafu kuna watu wa muhuri. Mtanzania unaweza kumwonyesha malaika akishuka na barua mkononi, atauliza muhuri uko wapi. Mzee mmoja wa Nkuhungu alisoma makubaliano yote kwenye simu ya mwanawe, akasifu hata Kiswahili changu, kisha akasema, "Mama, hii haijagongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Leo ukifa, nitamwonyesha nani?" Nikamwambia nikifa atakuwa amebaki na viti vyangu, kwa hiyo anayepaswa kuogopa ni mimi. Hakucheka. Ilibidi mpwa wangu atengeneze picha ya duara la bluu lenye jina la biashara, aipachike pale chini. Kisheria haiongezi kitu. Lakini mzee alipoiona, alisaini dakika ileile.

Ofisi nazo zina mtindo wao. Kuanzia Aprili mpaka Juni, Bunge la bajeti likiwa limekaa, mji unajaa, semina juu ya semina, na ofisi inataka viti keshokutwa. Namtumia afisa linki. Anasema amekabidhi kwa mwanasheria, mwanasheria amekabidhi kwa watu wa ununuzi, ununuzi wanamsubiri mhasibu, mhasibu yuko safari. Semina inafanyika, inafungwa kwa sala, viti vinarudi, vinapelekwa kipaimara na msiba, na siku moja nikiwa nimeshasahau simu inalia: makubaliano yako yamesainiwa. Huyo ndiye mteja pekee anayesaini kwa furaha, kwa sababu jambo lenyewe limeshapita na haliwezi tena kumdhuru.

Lakini kinachoninyima usingizi hasa ni dole gumba. Mteja anatumiwa ukurasa mzima: tarehe, idadi, advansi, nani analipa kiti kikivunjika. Anajibu kwa kile kidole cha njano kilichonyooka juu. Basi. Nimeuliza, dada, ndiyo umekubali? Anatuma kingine. Nimeuliza utasaini lini? Anatuma na mikono iliyofumbatwa kama anasali. Mpwa wangu akaniambia nisilalamike, huko Kanada dole gumba limeshafika mahakamani. Mkulima wa jimbo la Saskatchewan alitumiwa picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani mwaka 2021, akajibu kwa dole gumba, mbegu hakupeleka. Alipodaiwa alisema alimaanisha tu kwamba ameuona. Mwaka 2023 jaji akasema dole lile ni sahihi, akamwamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada, na mwishoni mwa 2024 Mahakama ya Rufani ya jimbo ikakubaliana na jaji.

Niliisambaza habari hiyo kwa wateja wangu wote nikidhani nitawatisha. Wakajibu kwa dole gumba.

Nakiri kwamba mkulima yule alikuwa na hoja. Huku kwetu dole gumba lina maana ya "nimekuona", "nimekuchoka", "usinipigie niko kikaoni" na "Mungu akubariki". La kukubali ni moja katika hayo, tena mara chache. Ajabu ni kwamba gumba lenyewe la nyama na mfupa watu wamelitoa bila matata. Wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, walipanga foleni alfajiri, wakapakwa mikono mafuta na losheni ili alama zisome, na Januari 2020 ambaye hakusajili akazimiwa laini. Hakuna aliyemtaja Mangungo pale. Kidole kimewekwa kwa kijana wa chini ya mwavuli barabarani, bila kusoma hata mstari mmoja wa masharti.

Sasa kipengele cha upepo. Anayeijua Dodoma anaujua upepo wake. Kuanzia Juni unakuja na vumbi lake jekundu, unaingia chini ya turubai, unalinyanyua pamoja na vyuma. Nimeandika wazi: turubai likishafungwa na vijana wangu, asiliguse mtu, mteja akilihamisha mwenyewe ili kivuli kimfuate mgeni rasmi, hasara ni yake. Hicho ndicho kipengele wanachokataa wengi kuliko vyote. Baba mmoja mchungaji alinipigia kwa upole mwingi. "Mama, upepo ni wa Mungu. Umemwingiza kwenye mkataba bila yeye kusaini." Tukajadiliana sana. Mwishowe tuliandika kwamba upepo ni wa Mungu na kamba ni za mteja, akasaini. Hilo sharti bado liko hivyo hivyo kwenye mfumo, na nasema ukweli, ndilo linaloeleweka haraka kuliko mengine yote.

Bado hatujafika kwenye kamati.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka makubaliano yafanywe kwa hiari na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba. Mtu. Mimi mteja wangu mkubwa si mtu, ni kamati ya harusi. Kamati ina mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina, msemaji wa upande wa kwa mama, mjomba asiye na cheo ambaye ndiye mwenye neno la mwisho, na kundi la WhatsApp lenye majina ambayo hakuna anayejua yaliingizwa na nani. Haijasajiliwa popote. Ukitaka kuishtaki, utashtaki hewa, labda uwe na jina la mtu aliyesaini.

Na hilo wanalijua vizuri kuliko mawakili. Mwenyekiti atakwambia yeye kazi yake ni kuongoza vikao, masuala ya maandishi ni ya katibu. Katibu atakwambia amechukua kumbukumbu tu, fedha ni za mweka hazina. Mweka hazina atasema hawezi kusaini kitu ambacho kikao hakijakipitisha, na kikao ni Jumapili, pale baa. Jumapili wanakutana, wanakula nyama, wanaongeza idadi ya wageni, wanapunguza bajeti ya viti, na ajenda ya sahihi inasogezwa. Wiki ya harusi napigiwa simu saa tano usiku na mjomba: "Mama Viti, vijana wako wanakuja saa ngapi?" Namuuliza nani amesaini. Anashangaa kweli kweli. "Si tumekubaliana wote?"

Wamekubaliana wote. Ndiyo balaa lenyewe. Niliwahi kuiweka linki ndani ya kundi lao, nikaomba yeyote mwenye mamlaka asaini. Zikamiminika "amina", madole gumba, sauti ya mtu wa dakika nne anayezungumzia sare ya vitenge, na tangazo la mchango uliochelewa. Sahihi hakuna.

Kwa hiyo nimebadilisha mtindo, na mpwa wangu ameninunia kidogo kwa sababu mfumo wake umebaki wa kutunzia nakala. Siombi tena sahihi ya kwanza. Naandika masharti yote kwenye ujumbe, mwishoni naweka mstari mmoja: ukituma advansi umekubali haya yote, pamoja na kamba. Sheria ile ile ya Sura ya 345 inatambua kwamba mtu akitekeleza sharti la pendekezo, amelikubali. Nikalinganisha na yale masharti ya mpwa wangu ya sahihi salama: muamala una jina la mtumaji, laini yake imesajiliwa kwa alama ya kidole, namba ya siri anaijua mwenyewe, saa na kiasi vimeandikwa, na hakuna awezaye kubadilisha tarakimu. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, sijaona Mtanzania anayebisha baada ya muamala kusoma. Atabishia sahihi yake, atabishia sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, ila ukimwonyesha ule ujumbe wa "umepokea", anashusha pumzi na kusema, haya mama, tuyaache.

Nilifurahi muda mfupi tu. Maana mweka hazina wa kamati iliyofuata hakutuma kwa simu yake. Alikwenda kwa wakala, akatoa noti mkononi, na jina lililonifikia likawa la kijana wa kibanda cha Jamatini ambaye hamjui bibi harusi wala bwana harusi. Kisheria, kadiri ninavyoelewa mimi, huyo wakala ndiye aliyekodi viti mia tatu na kuukubali upepo.

Harusi ilipita salama, turubai halikuruka, ubwabwa ulikuwa mzuri, vyombo walirudisha. Salio ndilo halikurudi. Nikaingia kwenye kundi kudai kwa adabu, nikawa natazama majina yakipungua: fulani ameondoka, fulani ameondoka, mjomba ameondoka. Nikampigia mwenyekiti. Akanisikiliza vizuri tu, akaniambia suala langu ni la msingi, ila yeye kwa sasa si mwenyekiti wa kitu chochote kwa sababu shughuli imekwisha, na Jumamosi wanavunja kamati rasmi.

"Tena umenikumbusha, Mama Viti," akasema. "Tutakuwa kama watu arobaini. Huwezi kutupa viti vya bure, kama mwenzetu?"

Nimemtumia linki.